Kula Baada ya Kujifungua kwa Upasuaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mzazi ametolewa chumba cha upasuaji, mtoto amelia, midomo imemkauka. Akishahakikishiwa kwamba mtoto ni mzima, swali linalofuata huwa hili: maji nitakunywa lini? Hapo ndipo majibu yanapoanza kupishana. Muuguzi wa asubuhi anasema subiri utoe hewa, wa jioni anasema kunywa kidogo kidogo, na ndugu waliozunguka kitanda wanasema mpaka kesho. Majibu ya hapa yanamhusu zaidi mzazi ambaye upasuaji wake ulikwenda salama. Kama wako ulikuwa na matatizo, ulivuja damu nyingi au una kifafa cha mimba, anza na swali lisemalo "Ni nani anayepaswa kusubiri kweli?"

Nikitoka chumba cha upasuaji, nikae saa ngapi kabla ya kunywa na kula?

Kama ulichomwa ganzi ya mgongoni, uko macho, hutapiki, presha imetulia na damu haitoki kupita kiasi, maji unaweza kuanza kuyanywa ukiwa bado kwenye chumba cha uangalizi. Chakula kinafuata ndani ya saa chache. Miongozo ya jumuiya ya kimataifa ya ERAS, inayoshughulikia namna ya kumfanya mgonjwa apone haraka baada ya upasuaji, ilitoka mwaka 2019 ikipendekeza mzazi arudishiwe chakula cha kawaida ndani ya saa 2. Taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya matibabu Uingereza, nayo inasema mzazi anayeendelea vizuri na asiye na matatizo anaweza kula na kunywa kama kawaida.

Hospitali nyingi bado husubiri saa 4, 6 au 8, na nyingine mpaka siku ya pili. Ukiambiwa usubiri, uliza sababu kwa upole: "Kuna jambo lilitokea kwenye upasuaji wangu, au huu ndio utaratibu wa wodi?" Jibu likiwa ni jambo lililotokea, tii bila kusita. Likiwa ni utaratibu tu, omba daktari anayekuhudumia akuangalie na kuamua. Una haki ya kuuliza.

Mbona niliambiwa nisile mpaka nijambe?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Zamani iliaminika kwamba tumbo likishafunguliwa, utumbo wote hulala, na kwamba ushuzi wa kwanza ndio ushahidi kuwa umeamka. Anayekula kabla ya hapo, ikasemwa, atavimba tumbo na kutapika. Wazo hilo lilitokana na upasuaji mkubwa wa tumbo, ule ambao utumbo wenyewe unakatwa na kushonwa.

Sasa angalia kisu kinapita wapi wakati wa kumtoa mtoto. Kinakata ngozi, mafuta yaliyo chini yake na utando mgumu unaofunika misuli. Misuli yenyewe husogezwa pembeni. Kisha unafunguliwa utando wa ndani wa tumbo, na mwisho mfuko wa uzazi. Utumbo haukatwi wala haushonwi. Unaweza kuguswa na kusukumwa kando kidogo, ukapunguza mwendo wake, lakini hausimami kwa namna inayohofiwa.

Tena sehemu za njia ya chakula haziamki kwa pamoja. Utumbo mwembamba hurudia kazi ndani ya saa chache. Tumbo lenyewe, yaani mfuko wa chakula, huchukua kama siku moja, wakati mwingine mbili. Utumbo mpana ndio wa mwisho, nao baada ya upasuaji wa tumbo unaweza kufika siku ya pili au ya tatu. Hewa unayosubiri uitoe inatoka kwenye huo utumbo mpana. Kwa hiyo anayesubiri ushuzi anamsubiri wa mwisho kwenye msafara, ilhali waliotangulia wameshafika na wako tayari kwa kazi.

Utafiti umelipima jambo hili. Mwaka 2002 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio ya kulinganisha wazazi waliokula mapema na waliocheleweshwa hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha kumnyima mzazi maji na chakula baada ya upasuaji usio na matatizo. Majaribio yaliyofuata yameelekea hukohuko: wanaokula mapema hupata sauti za tumbo mapema, hutoa hewa mapema, na hawapati matatizo makubwa zaidi ya wanaosubiri. Kwa maneno mengine, chakula chenyewe husaidia kuuamsha utumbo.

Muuguzi akikuuliza kama umetoa hewa, mjibu bila aibu. Swali hilo bado lina maana, kwa sababu linamsaidia kujua hali ya utumbo wako. Ila halipaswi kuwa ufunguo wa kabati la chakula.

Kama kula hakuna madhara, kwa nini nilifungishwa kabla ya upasuaji?

Ni jambo jingine kabisa, na hofu yake ina msingi. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alieleza wajawazito 66, kati ya zaidi ya 44,000 waliohudumiwa katika hospitali moja, ambao vilivyomo tumboni viliwapanda na kuingia kwenye mapafu walipokuwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi. Tangu hapo kufunga kabla ya upasuaji kukawa sheria. Siku hizi kwa upasuaji uliopangwa, mama mwenye afya huruhusiwa maji matupu mpaka saa 2 kabla, na chakula hukatwa saa 6 hadi 8 kabla.

Hatari hiyo ni ya mtu aliyelala na asiyeweza kulinda koo lake. Ukishatoka, uko macho na unameza vizuri, haipo tena kwa namna ile. Lakini kufunga kulikotangulia hakufutiki. Jumlisha saa za kabla, saa za uchungu kama ulikuwepo, upasuaji wenyewe, kisha uongeze siku nzima ya kusubiri hewa. Kuna wazazi wanaofikisha saa 30 bila kitu kinywani, na katika saa hizohizo wanatakiwa kunyonyesha. Hilo linaniuma kila ninapolifikiria, kwa sababu mara nyingi halina ulazima.

Nianze na nini?

Maji, funda moja au mawili, ukiwa umeinuliwa mgongo. Usinywe ukiwa umelala chali. Subiri dakika kumi au kumi na tano. Kama tumbo limetulia, ongeza, au kunywa chai nyepesi. Saa moja ikipita salama, kula kitu unachokitamani kwa kiasi kidogo: uji, supu, mkate, wali laini, yai, ndizi mbivu.

Si lazima upite ngazi zote za maji, kisha supu, kisha uji, kisha chakula kigumu siku ya tatu. Ngazi hizo hazijathibitishwa kumsaidia mzazi aliyefanyiwa upasuaji wa kawaida. Kinachosaidia ni kiasi. Sahani ndogo mara tano au sita kwa siku humezeka na kukaa kuliko sinia moja lililojaa, hasa siku mbili za mwanzo. Tafuna polepole, maana anayekula kwa pupa humeza hewa nyingi, na hewa hiyo utaisikia baadaye kwenye mshono.

Huna hamu ya kula kabisa? Usilazimishwe. Kunywa maji, jaribu tena baadaye. Njaa ya mzazi hurudi yenyewe, mara nyingi usiku wa manane mtoto akiwa ananyonya, kwa hiyo afadhali kuwe na kitu karibu na kitanda.

Nilikunywa maji kidogo nikatapika. Ina maana nimeanza mapema mno?

Si lazima. Kichefuchefu cha saa za mwanzo kina sababu nyingi ambazo hazihusiani na ulichokunywa. Ganzi ya mgongoni hushusha presha, na presha ikishuka moyo huchafuka. Mofini inayowekwa pamoja na ganzi huleta kichefuchefu na kuwasha mwili. Baadhi ya dawa za kuzuia damu kutoka baada ya kujifungua, kama egometrini, zinajulikana kwa kutapisha. Hata mfuko wa uzazi kuvutwa wakati wa kushonwa huchangia.

Mwambie muuguzi, maana zipo dawa za kuzuia kutapika. Pumzika nusu saa au saa moja, halafu rudia kwa funda moja. Ukitapika mara moja na kunyamaza, endelea taratibu. Ukitapika tena na tena, au matapishi yakawa ya kijani, acha kula na kunywa mpaka daktari akuone.

Mimi nililazwa kwa nusu kaputi. Je, sheria ni zilezile?

Karibu zilezile, ila saa inaanza kuhesabiwa ukishaamka kabisa. Uwe unaweza kuzungumza sentensi kamili, kukaa umeegemea, kukohoa na kumeza mate bila shida. Anayesinzia katikati ya maneno asipewe kitu. Koo linaweza kuuma kwa sababu ya mpira uliowekwa wakati wa usingizi, basi vinywaji vya uvuguvugu na vyakula laini vitakufaa zaidi siku ya kwanza.

Dripu si inatosha? Naambiwa chakula kiko humo.

Dripu inakupa maji na chumvi, na njia ya kupitishia dawa. Chakula hakimo. Dripu ya maji ya chumvi haina nguvu yoyote ya kulisha mwili. Hata ile ya sukari ya asilimia 5, lita nzima ina gramu 50 tu za sukari, kalori zisizofika 200. Protini ya kushona kidonda haimo. Mzazi anayekunywa vizuri hana sababu ya kuendelea kufungwa na dripu, na ikitolewa anainuka na kumbeba mtoto kwa urahisi zaidi.

Ni nani anayepaswa kusubiri kweli?

Aliyevuja damu nyingi na bado anaangaliwa, kwa sababu huenda akarudishwa chumba cha upasuaji, na kurudi huko na tumbo lililojaa ni hatari ileile aliyoieleza Mendelson. Aliyeumizwa utumbo au kibofu wakati wa upasuaji, jambo linaloweza kutokea hasa kwa mwenye makovu ya operesheni zilizotangulia. Wa utumbo husubiri amri ya daktari aliyemshona. Aliyetolewa mfuko wa uzazi. Asiyezinduka vizuri. Mwenye kifafa cha mimba au dalili kali za kukikaribia: huyo huwekwa dawa ya magnesiamu salfeti kwa kawaida saa 24 baada ya kujifungua, na maji yanayoingia mwilini hupimwa kwa uangalifu kwa kuwa yakizidi yanaweza kujaa kwenye mapafu. Kwake hata glasi moja ya maji ina hesabu.

Mwenye kisukari cha mimba kwa kawaida anaruhusiwa kula kama wengine. Mahitaji ya insulini hushuka ghafla kondo la nyuma likishatoka, kwa hiyo asijichome dozi za wakati wa ujauzito kabla ya kuuliza, na sukari yake ipimwe. Aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba anahitaji mpango wake mwenyewe.

Ndugu zangu wananihurumia, wanataka kunilisha kwa siri muuguzi asione.

Huruma yao ni ya kweli, lakini siri ndiyo inayoleta hatari. Kama daktari amekuzuia kwa sababu mojawapo ya zilizotajwa hapo juu, na ndugu wakakupa sahani ya chakula chini ya shuka, timu ikikurudisha chumba cha upasuaji haitajua kwamba tumbo lako si tupu. Ikiwa umeshakula, sema. Hakuna karipio linaloweza kuzidi uzito wa mapafu yaliyojaa matapishi.

Na wewe ndugu uliyeketi pembeni ya kitanda, ukiona mgonjwa wako amenyimwa chakula bila maelezo, msaada wake mkubwa ni mdomo wako. Nenda ukaulize kwa ajili yake. Yeye amechoka.

Tumbo limejaa gesi mpaka bega linauma. Nifanye nini?

Maumivu ya bega huwashangaza wengi. Hewa na damu kidogo iliyobaki tumboni huukera msuli mpana wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na mshipa wa fahamu wa msuli huo unatoka shingoni, ndiyo maana maumivu husikika begani. Hupungua ndani ya siku chache.

Dawa kubwa ya gesi ni kutembea. Miguu ikisharudiwa na nguvu baada ya ganzi, inuka ukiwa umeshikwa mkono, kaa ukingoni mwa kitanda kwanza, kisha hatua chache. Bonyeza mto juu ya mshono unapoinuka au kukohoa.

Chingamu nayo inafaa, ingawa wengi huidharau. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016, yaliyojumuisha wanawake zaidi ya 3,000, yalionyesha waliotafuna chingamu walitoa hewa mapema kwa karibu saa 7. Kutafuna kunaudanganya utumbo kwamba chakula kinakuja. Faida hii inawahusu zaidi waliocheleweshewa chakula. Anayekula mapema tayari anatafuna.

Soda, maharage na kabichi huongeza gesi kwa baadhi ya watu. Si sumu na havigusi mshono. Kama tumbo limekaza, viache siku mbili tatu, halafu virudishe.

Ni kweli mayai, nyama na maji baridi huharibu kidonda?

Hapana. Kidonda hushonwa na mwili kwa kutumia protini, na mayai, nyama, samaki, maziwa, maharage na dengu ndimo zilimo. Ngozi na misuli vinahitaji pia vitamini C ya matunda na mboga, pamoja na madini ya zinki. Anayenyimwa mayai kwa hofu ya usaha ananyimwa kile ambacho kidonda kinakitaka. Usaha huletwa na vijidudu, na hatari yake huongezeka mshono ukiachwa na unyevu au uchafu, sukari ikiwa juu, au damu ikiwa imepungua mwilini.

Maji baridi hayafiki kwenye mfuko wa uzazi. Yakishamezwa huingia tumboni na kupata joto la mwili, kisha huendelea na safari kama maji mengine. Kama unapenda ya moto, kunywa ya moto. Ni suala la ladha.

Choo nitapata lini, na nifanyeje kisiwe kigumu?

Siku ya pili hadi ya nne ni kawaida. Dawa kali za maumivu, hasa za jamii ya mofini, hupunguza mwendo wa utumbo, na woga wa kusukuma mshono humfanya mzazi ajizuie. Usijizuie. Mshono umefungwa kwa tabaka na hautafumuka kwa kwenda choo.

Kunywa maji ya kutosha, kula matunda, mboga na nafaka zisizokobolewa, tembea, na uombe dawa ya kulainisha choo kama laktulosi mapema kabla mambo hayajakwama. Ukikaa chooni, weka miguu juu ya kigoda magoti yainuke, na ushike mto kwenye mshono. Anayetumia vidonge vya madini ya chuma asishtuke akiona choo cheusi. Ni rangi ya dawa.

Nisipokula, maziwa yatatoka?

Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya manjano, tayari yapo kwenye titi kabla hujatoka chumba cha upasuaji. Mtoto anaweza kuwekwa kifuani ndani ya saa ya kwanza hata kama hujala kitu, na kunyonya kwake ndiko kunakoita maziwa zaidi. Kwa hiyo usimnyime titi kwa kisingizio kwamba hujala.

Lakini wewe utalipa. Kunyonyesha kunahitaji kama kalori 500 za ziada kwa siku, na mwili wako pia unaponya jeraha. Kunywa kila unapohisi kiu, weka glasi ya maji karibu kila mtoto anaponyonya. Kujilazimisha lita nyingi kupita kiu hakuongezi maziwa.

Nimeambiwa damu imepungua.

Upasuaji hupoteza damu nyingi kuliko kujifungua kwa njia ya kawaida. Meza vidonge vya madini ya chuma kama ulivyoandikiwa, mara nyingi kwa miezi kadhaa, pamoja na tunda lenye vitamini C. Chai na kahawa ziache mbali na vidonge kwa angalau saa moja, kwani huzuia madini hayo kuingia mwilini. Dawa za maumivu kama ibuprofeni zimeze ukiwa umekula. Hii nayo ni sababu ya kutokaa na tumbo tupu.

Ni dalili gani za tumbo zinazotaka daktari haraka?

Tumbo linalozidi kuvimba na kukaza kama ngoma. Kutapika kusikokoma, au matapishi ya kijani. Kutotoa hewa wala choo huku maumivu yakiongezeka badala ya kupungua. Joto la nyuzi 38 au zaidi. Mshono unaotoa usaha au kufunguka. Damu inayolowesha pedi moja ndani ya saa moja.

Kuvimba tumbo ndiko ninakotaka ukushike akilini. Mara chache, utumbo mpana husimama na kujaa hewa bila kuzibwa na kitu chochote. Daktari Heneage Ogilvie aliieleza hali hiyo mwaka 1948, nayo inajulikana kumpata mzazi aliyefanyiwa upasuaji. Mwenye nayo anaweza hata kuendelea kutoa hewa kidogo au kuharisha, jambo linalowadanganya waliomzunguka. Utumbo ukitanuka mno unaweza kupasuka. Ikigunduliwa mapema hutibiwa, mara nyingi bila kisu kingine. Kwa hiyo kama tumbo lako siku ya pili au ya tatu ni kubwa kuliko la jana na linakuuma zaidi, usikubali kuambiwa ni gesi tu mpaka mtu amelishika kwa mikono yake na kulipima.